Uzi: Kuacha unga (heroini) mwenyewe si ujuzi wa kuachisha wengine. Tuongee kuhusu kazi ya mnasihi wa uraibu

BintiPangani

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitoa.

Mimi ni mnasihi wa waraibu wa pombe na dawa za kulevya, huu ni mwaka wa 12. Nilianza kwa kujitolea kwenye nyumba moja ya upataji nafuu, hizi tunazoziita soba. Nikiwa sijamaliza hata mwaka pale, aliletwa mzee mmoja na wanawe, fundi seremala, mnywaji wa gongo wa asubuhi hadi usiku. Tukampokea kama tulivyokuwa tunapokea kila mtu. Begi likapekuliwa, akaoga, akapewa uji, akaingizwa chumba cha arosto, yaani cha kupitishia mateso ya mwili unapokosa kilevi, na mlango ukafungwa kwa nje. Usiku akatetemeka, jasho likamtoka, akatapika. Wenzangu wakasema ni arosto hiyo, itapita, humu wote tumeipitia. Na kweli walikuwa wameipitia. Ila waliyoipitia wao ni arosto ya unga.

Kesho yake jioni tulimkuta sakafuni amekakamaa, povu mdomoni, ulimi ameuuma. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, kichwa chake kiko mapajani mwangu. Mungu mkubwa, alipona. Daktari wa zamu hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Alikunywa mara ya mwisho saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mzee swali hilo wakati anaingia.

Swali lile ndilo lililonipeleka shule, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu.

Arosto ya unga inatesa. Inaanza kama masaa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, siku ya 2 na ya 3 ndiyo kilele chake. Mifupa inauma, tumbo linakata, mtu mzima analia kama mtoto. Lakini aliye na afya ya wastani, akipewa maji ya kutosha na kuangaliwa, ni mara chache sana afe kwa arosto hiyo. Pombe watu wanaidharau kwa sababu inauzwa dukani, kumbe kuikata ghafla ndiko kunakoua. Mnywaji wa kila siku wa miaka mingi akiacha kwa mkupuo, ndani ya siku 2 za mwanzo anaweza kupata degedege. Kuanzia siku ya 2 hadi ya 4 anaweza kuanza kuweweseka, anaona wadudu ukutani, joto linapanda, moyo unakwenda mbio. Hali hiyo ikiachwa bila tiba, inaondoka na mtu. Vidonge vya kutuliza na usingizi vya jamii ya Valium navyo ni hivyo hivyo kwa aliyevizoea muda mrefu.

Kwa hiyo mnasihi anayefungia watu wote chumba kimoja bila kuuliza wanatumia nini, kiasi gani, tangu lini na mara ya mwisho saa ngapi, anacheza na roho za watu hata kama nia yake ni njema kabisa.

Unga nao una mtego wake, ila mtego huo uko mlango wa kutokea. Mtu akikaa soba miezi 3, mwili umeshasahau. Akitoka akarudia kipimo chake cha zamani, mwili haukibebi, pumzi inakata. Nimezika wawili namna hiyo. Siku ya kumuaga mteja, kabla ya keki na picha, mnasihi anatakiwa akae naye pamoja na ndugu zake wamwambie hilo kwa maneno ya wazi. Wengi hawasemi. Wanaona ni kama kumtabiria mabaya.

Nataka kusikia kwenu. Nani mnasihi wa kweli, na mtamjuaje?

Kapteni_Mbagala

Dada, heshima yako. Lakini kichwa cha uzi kimenichoma na sitaficha.

Nina miaka 7 sijagusa. Kabla ya hapo nilishakalishwa na wasomi watatu wenye vyeti ukutani. Mmoja alikuwa anaandika tu, macho hayatoki kwenye karatasi. Mwingine alinipa mahubiri ya nusu saa kuhusu mama yangu anavyoteseka, kana kwamba mimi sijui mama yangu anateseka. Aliyenitoa ni mtu niliyewahi kulala naye maskani moja chini ya daraja. Alikuja akiwa msafi, amevaa viatu, akaniambia "twende". Sikuuliza twende wapi. Leo mimi ndiye ninayekwenda maskani kutafuta wenzangu. Sina diploma. Unataka niache?

BintiPangani

Kaka Kapteni, usiache. Nisikilize kwanza.

Ulichonacho mimi sina na hakuna chuo kitakachonipa. Nikienda maskani mimi, watu wanaficha mabomba ya sindano wananyamaza. Ukienda wewe wanakusogezea jiwe ukae. Ile "twende" ya rafiki yako ni kazi kubwa, na wenye taaluma hii duniani kote wameikubali: mtu aliyepitia ana nafasi yake kwenye timu. Wale waanzilishi wa vikundi vya hatua 12 vya walevi wanaoacha pombe (Alcoholics Anonymous) kule Akron, Marekani, mwaka 1935 walikuwa wanywaji wawili wanaosaidiana, na mmoja wao tu ndiye alikuwa daktari.

Ila kuna jingine nalo limetokea Marekani. Mwaka 1958 Charles Dederich, mlevi aliyeacha pombe, alianzisha Synanon huko California. Waraibu wa heroini walikuwa wanaishi pamoja wanasaidiana. Mwanzoni watu walishangilia, maana hospitali zilikuwa zimewashindwa. Njia yao kuu ilikuwa kukaa duara na kumshambulia mmoja kwa maneno mpaka avunjike. Hapakuwa na mtu wa nje wa kumwambia mkubwa "hapa umekosea". Miaka 20 baadaye kundi lilikuwa limegeuka kama dini yenye vurugu. Mwaka 1978 watu wake walimtegea wakili aliyekuwa anawatetea waathirika nyoka mwenye sumu ndani ya sanduku lake la barua, wakiwa wamemwondoa kengele za mkiani ili asisikike. Wakili aliumwa, akanusurika.

Sikulinganishi na hao hata kidogo. Ninachosema ni kwamba uchungu wa kuupitia uraibu unakupa mlango wa kuingia kwa mtu. Ukishaingia, unahitaji kujua unachokiona mle ndani, na unahitaji mtu wa kukusimamia. Nikuulize: msimamizi wako ni nani? Mteja akikulemea, unampelekea nani?

Kapteni_Mbagala

Sina. Nikilemewa naenda ufukweni nakaa.

Mwezi uliopita kijana wangu mmoja alirudia. Nilikaa ufukweni siku nzima, na nikaanza kuwaza mambo niliyokuwa siyawazi miaka.

BintiPangani

Asante kwa kulisema hapa. Hilo lilinikuta na mimi ambaye sijawahi hata kuvuta sigara. Kwako uzito wake ni mara mbili. Tafuta mnasihi mmoja mkubwa kuliko wewe kazini, mkae saa moja kila wiki 2, umweleze wateja wako bila majina na yeye akuulize maswali magumu. Kwenye majimbo mengi ya Marekani mnasihi wa uraibu hapewi leseni mpaka atimize maelfu ya saa za kazi chini ya msimamizi, na sababu yake ni hiyo uliyoiona ufukweni. Nimekuandikia ujumbe wa faragha.

Mwanamvita

Niko Mombasa, nafuatilia kimya tangu mwanzo.

Huku Kenya sheria ya washauri na wanasaikolojia ipo tangu 2014, na NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo ina sheria yake ya 2012. Karatasi zipo. Lakini lililonitoa mimi kwenye rihabu moja halikuwa kukosa vyeti. Mshauri wangu alikuwa na vyeti na sauti nzuri. Nikamweleza jambo la utotoni ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Jumapili yake babangu alipokuja kunizuru, akaniuliza kuhusu jambo lilo hilo. Baba ndiye aliyekuwa akilipa, kwa hivyo mshauri aliona ni haki yake kuelezwa. Usiku ule niliruka ukuta. Nikatumia mwaka na nusu zaidi kabla ya kujaribu tena.

Watu wa fani hii mnalitazamaje hilo?

BintiPangani

Pole sana dada. Alikukosea, na kosa lake ni kubwa kuliko la kusahau dawa.

Anayelipa hanunui siri. Siku ya kwanza kabisa, kabla mteja hajasema lolote, mnasihi anatakiwa amweleze yeye na familia yake: yatakayosemwa humu ni yake, isipokuwa kama kuna hatari ya yeye kujiua, kumdhuru mtu, au mtoto kuumizwa. Familia wanaweza kuelezwa anahudhuria au hahudhurii, na hata hilo kwa ruhusa yake. Marekani waliweka sheria ya pekee ya siri za tiba ya uraibu tangu miaka ya 1970, kwa sababu waligundua mtu hawezi kuja kutibiwa kama anajua faili lake litasomwa na polisi. Kwetu, mbali ya polisi, kuna shangazi, kuna mjumbe, kuna shehe na mchungaji, na wote wanauliza kwa upendo. Hao wa upendo ndio wagumu kuwakatalia.

Kijana_wa_Kolo

Samahani wakuu, ila humo chumbani mnafanya nini zaidi ya kuongea? Kuongea hata kinyozi anaongea.

BintiPangani

Swali zuri, nalijibu kwa mfano. Mteja anakaa, anasema: "Mimi si mlevi. Naweza kuacha muda wowote. Mke wangu ndiye anakuza mambo."

Asiye na ujuzi atajibu: "Kama unaweza kuacha mbona hujaacha? Umeuza hadi friji!" Kila neno hapo ni kweli. Na kila neno linamsukuma mteja ajitetee zaidi, na kadiri anavyojitetea kwa mdomo wake mwenyewe ndivyo anavyozidi kujiaminisha.

Aliyefundishwa atasema kitu kama: "Unaona uwezo wa kuacha unao, na mambo ya nyumbani yanakuchosha." Halafu ananyamaza. Ananyamaza kweli, hata dakika nzima. Mara nyingi mteja anajaza kile kimya: "Yanachosha. Na juzi mwanangu mdogo aliniona nimeanguka barazani." Hilo la mtoto kalitoa mwenyewe. Kazi ya mnasihi ni kulishika hilo hilo: "Na lilikukaa moyoni." Sababu ya kuacha ikitoka kinywani mwa mteja ina nguvu kuliko hotuba zangu 100.

Njia hii, kwa Kiingereza motivational interviewing, aliiandika mwanasaikolojia Mmarekani William Miller mwaka 1983. Alikuwa amekwenda Bergen, Norway, anafundisha wanasaikolojia vijana, nao wakawa wanamkatiza: kwa nini umesema hivi na si vile? Kwa kujibu maswali yao ndipo alipogundua mwenyewe anafanya nini. Kuisoma ni wiki moja. Kuiweza ni miaka, na bado kuna siku nakuta nimeshaanza kuhubiri.

Kuongea ni sehemu moja tu. Wenzetu wa Marekani walizigawa kazi za mnasihi wa uraibu kuwa 12: kuchunguza kama mtu anafaa kwa huduma yako, kumpokea, kumweleza taratibu, kumtathmini, kupanga naye matibabu, ushauri wenyewe, kumfuatilia, kukabili dharura, kumwelimisha, kumpa rufaa, kuweka kumbukumbu, na kushauriana na wataalamu wengine. Hesabu vizuri, ushauri ni mmoja kati ya 12. Na kwa uzoefu wangu, wengi wetu tunaanguka kwenye rufaa. Tunaona aibu kusema "hili si langu".

DaktariZamu

Naongezea hapo kwenye kushauriana.

Tangu methadone, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ianze kutolewa Muhimbili mwaka 2011, nimekutana na wanasihi wa kila aina. Kuna mteja alikuwa ametulia kwenye dozi yake miezi mingi. Ghafla akaanza kulalamika haimshiki, anapiga miayo, anatoka jasho, usiku halali. Mnasihi wake akaandika kwenye faili: anatafuta dozi kubwa, huenda amerudia unga. Wakamkalia kikao. Kijana akakata tamaa, akakaribia kuacha kliniki.

Mnasihi mwingine, msichana mdogo tu, alimuuliza swali moja: "Kuna dawa yoyote mpya umeanzishiwa?" Alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu wiki 2 nyuma. Rifampisini inalifanya ini lichome methadone upesi, kwa hiyo dozi ile ile inakuwa haitoshi. Kijana alikuwa anasema kweli tupu. Daktari akarekebisha, mambo yakaisha. Baadhi ya dawa za VVU nazo zinafanya hivyo.

Mnasihi haandiki dozi na asiguse dozi. Lakini anayekaa na mteja saa nzima ni yeye, mimi nina dakika 10. Asipojua cha kuuliza, na mimi sitajua.

Na jingine, wanasihi wanaowaambia wateja "methadone ni kuhamisha ulevi tu, acha hiyo nayo", tafadhali. Mtu anayekunywa dozi yake mbele ya nesi kila asubuhi halafu anakwenda kazini hayuko sawa na anayejidunga kichochoroni. Mkimkatisha ghafla mnamrudisha kulekule.

Mama_Pacha

Samahani kwa kuingilia, naandika kwa haraka. Mume wangu ana miaka 46, alikuwa mtu wa viroba (pombe kali za pakiti), vilipopigwa marufuku 2017 akahamia gongo. Anakunywa kila siku. Leo kwa mara ya kwanza amesema mwenyewe anataka kuacha. Shemeji yangu anataka tumfungie chumba cha uani wiki moja. Pia kuna mtu ametuuzia vidonge vya kuacha pombe, anasema tumwekee kwenye mboga asijue. Nimesoma habari ya yule seremala naogopa. Nifanye nini?

BintiPangani

Mama, msimfungie. Na vidonge hivyo msimpe. Najibu hayo mawili kwanza, halafu soma taratibu.

Asubuhi akiamka huwa mikono inatetemeka mpaka apate kidogo? Amewahi kuanguka kifafa siku aliyokosa pombe? Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, mpelekeni hospitali ya wilaya au ya mkoa kabla hajakata. Andikeni kwenye karatasi: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, kwa miaka mingapi, na glasi ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Semeni kila dawa anayotumia. Mpaka mfike, msimlazimishe kukata ghafla nyumbani.

DaktariZamu

Nakubaliana na kila neno. Kuhusu vidonge: vingi vinavyouzwa hivyo huwa na disulfiramu, au muuzaji anadai hivyo. Dawa hiyo ni halali na ina kazi yake, ilianza kutumika kutoka Denmark miaka ya 1940. Ila inafanya kazi kwa kuzuia mwili usiimalize sumu inayotokana na pombe. Akinywa gongo juu yake, uso unawaka, moyo unadunda, anatapika, na presha inaweza kushuka vibaya. Anayeitumia lazima ajue anaitumia na akubali mwenyewe. Kumwekea kwenye mboga mtu anayekunywa kila siku kunaweza kumuua mezani.

Hospitali waulizeni pia kuhusu vitamini B1. Mnywaji wa muda mrefu anatakiwa aipate kabla au pamoja na dripu ya sukari, isichelewe nyuma yake, kwa ajili ya kuulinda ubongo.

Mama_Pacha

Mikono inatetemeka ndiyo, kila siku. Kifafa mara moja, mwaka juzi, tulidhani amerogwa. Tunatoka sasa hivi.

Kapteni_Mbagala

Mama, kila la heri. Akikuuliza kama ataweza, usimwambie ataweza. Mwambie uko naye leo.

Dada BintiPangani, nimeona ujumbe wako. Jumanne nitakuja. Na kuanzia leo, yeyote ninayemtoa maskani nitamuuliza na pombe, na vidonge. Nilikuwa nauliza unga tu.

Mwanamvita

Kapteni, hata mimi hakuna aliyeniuliza vidonge. Na nilikuwa navitumia.

Mama_Pacha

Mrejesho, wakuu. Leo ni siku ya 5. Walimlaza. Usiku wa pili aliweweseka kidogo, akawa anaona kuku ndani ya wodi, lakini walikuwa wameshaanza kumpa dawa na mtu alikuwa anamwangalia kila mara. Ile karatasi daktari aliisoma yote, akaibana kwenye faili. Ile vitamini walimpa kabla ya dripu, hata kabla sijauliza. Leo amekaa kitandani amekula ugali. Wametupa tarehe ya kuanza na mnasihi wa hapa hapa hospitali.

Nimemsomea uzi huu kwenye simu. Anauliza yule seremala anaendeleaje.

BintiPangani

Nimelia hapa nilipo. Mwambie seremala yuko hai, na meza ninayoandikia usiku huu ni ya mkono wake. Mwambie na ukweli pia: amerudia kunywa mara 2 tangu siku ile ya bajaji. Mara zote mbili wanawe walimpeleka hospitali kwanza, na saa ya glasi ya mwisho walikuwa wameshaiandika.